Kiingereza cha kuombea maji, na mgeni yuko kaunta

Ndugu washauri, habari za majukumu.

Mimi ni dada wa miaka 25, nipo hapa Dodoma, nafanya kazi ya mapokezi kwenye loji moja maeneo ya Ipagala. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma cheti cha hoteli. Kiingereza nakielewa: meseji nasoma, taarifa ya habari nasikia, mgeni akiuliza kitu najua anachotaka. Tatizo ni mdomo. Juzi mgeni aliuliza kama chumba kinakuja na kifungua kinywa, nikamjibu "Yes, breakfast is there." Akasema "Where?" na kuanza kuangaza macho huku na huku. Nikaishia kucheka. Simu ndiyo mateso kabisa. Nikiona namba ya nje ya nchi namsukumia mwenzangu.

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 tunapata wageni wa kila aina, na kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, hatupumui. Meneja amesema baada ya miezi mitatu atachagua kiongozi wa mapokezi, na Kiingereza kitaangaliwa. Nimejaribu kuongea na binamu yangu nyumbani, lakini dakika mbili hazipiti tumesharudi kwenye Kiswahili. Kazini nikijaribu wananicheka, eti nataka kumwaga yai wakati nachapia. Kuna kozi ya wiki sita, ada 150,000. Wengine wananishauri nitafute rafiki mzungu mtandaoni, maana hapa mjini wa kukaa naye simwoni. Nifanyeje?

Dada wa Kaunta, Ipagala

*

Dada wa Kaunta,

Tuanze na hiyo "breakfast is there", maana imebeba ugonjwa wote. Swali ulilielewa. Maneno unayo. Ulichofanya ni kuchukua "ipo" ya Kiswahili ukaivisha nguo za Kiingereza, na mzoefu wa lugha hiyo akisikia "there" imekaa peke yake mwishoni huona kidole kinaelekeza mahali. Ndiyo maana mgeni alianza kuitafuta chai kwa macho. Alikuwa anasubiri "Yes, it's included", basi.

Kinachokukwamisha ni muda. Watafiti waliopima mazungumzo katika lugha mbalimbali duniani walikuta kwamba kati ya mtu mmoja kunyamaza na mwenzake kuanza kujibu hupita wastani wa sekunde 0.2 hivi. Katika upenyo huo hakuna nafasi ya kutunga kwa Kiswahili, kutafsiri, kukagua sarufi, halafu ndipo utamke. Anayejibu papo hapo hatafsiri kwa kasi kuliko wewe. Sentensi yake ilishaiva zamani, anaipakua tu. Kwa hiyo hiyo miezi mitatu usiimalizie kwenye kukariri maneno mapya. Ivisha hayo uliyonayo.

Chukua daftari dogo ulifiche chini ya kaunta. Kwa siku saba andika kila swali unaloulizwa na mgeni, hata lililoulizwa kwa Kiswahili. Usiandike jibu kwanza. Wiki ikiisha utaona maswali ni yaleyale: bei, chai ya asubuhi, neno la siri la intaneti, maji ya moto, usafiri wa kwenda Mtumba au stesheni, muda wa kuachia chumba, kufua nguo, risiti. Chagua 12 yanayojirudia zaidi, na kila moja liandikie jibu lisilozidi maneno kumi. "It's served from seven to ten." "Check-out is at ten, but we can keep your bags." Mpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri akukagulie hayo 12 mara moja tu, ili usije ukaivisha kosa. Kisha yaseme kwa sauti, umesimama, kama unavyosimama kazini, kila siku mara tano kila moja. Kusoma kimoyomoyo hakuhesabiwi. Ulimi nao una misuli, na misuli haijengeki kwa kuangalia.

Juu ya hayo 12 ongeza matatu ya kununua muda: "Let me check that for you", "One moment, please" na "Sorry, could you say that again?" Hayo yawe mepesi mdomoni kuliko jina lako, kwa sababu ndiyo yatakayoziba ule ukimya unaokufanya ucheke. Ila usitumie "Sorry?" mara tatu mfululizo kwa mtu mmoja. Mara ya pili rudia ulichokisikia, "You need a room for two nights?", naye atakurekebisha panapopungua.

Sasa mitego ya Kiswahili chetu, ambayo kwa kazi yako ina madhara ya kweli.

Wa kwanza ni swali la kukanusha. Mgeni anasema, "You don't have a room for tonight?" Kwa Kiswahili ungejibu "Ndiyo, hatuna", na uko sahihi. Ukimwambia "Yes", yeye amesikia kipo, anashusha mabegi. Kwa Kiingereza jibu ni "No, we don't". Ubongo wetu hauzoei hilo haraka, kwa hiyo njia salama ni kuacha kabisa kuanza na "yes" au "no" kwenye maswali ya namna hiyo. Sema sentensi nzima: "We're full tonight, I'm sorry."

Wa pili ni saa. Basi la saa kumi na mbili asubuhi linaondoka "at six in the morning". Usipige hesabu ya kujumlisha sita mbele ya mgeni. Tazama saa ya ukutani: namba ya Kiingereza iko ng'ambo ya namba ya Kiswahili. Moja inatazamana na saba, mbili na nane, tatu na tisa. Na siku zote malizia na "in the morning" au "in the evening", hata kama unaona haina haja.

Halafu kuna "karibu". Sisi tunaitumia kwa kila kitu, na wengi huigeuza "welcome" kila mahali. Mgeni anayeingia mwambie "Good evening, welcome". Akisimama tu, "Please have a seat". Ukimkaribisha chai, "Would you like some tea?" Akishukuru, ndipo "You're welcome". Ukisema "You're welcome" kabla hajashukuru, anajiuliza alishukuru lini. Na "nakuja", ile tunayoisema huku tunaondoka, kamwe usiseme "I'm coming" ukampa mgongo. Sema "I'll be right back". Pole nayo ina shida yake. Mgeni akijikwaa ngazini ukasema "Sorry", anaweza kudhani unakiri kosa. "Are you all right?" inatosha. "Pole na safari" haina mwenzake kamili, uliza "How was your trip?" yaishe.

"He" na "she" tutaitaja tu: "yeye" yetu haichagui, kwa hiyo mtachanganya. Kila mtu anachanganya, na mgeni huelewa. Usipoteze usingizi hapo.

Kwenye matamshi, usijaribu kuongea kama Mmarekani. Lafudhi ya Kitanzania haina kosa lolote, na utakaokutana nao wengi, Mhindi, Mchina, Mturuki, Mnyarwanda, nao wana zao. Kinachotakiwa ni neno lisibadilike kuwa neno jingine. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo kuna jozi tunazozifanya pacha. Iliyo hatari kuliko zote kwa mtu wa loji ni "sheets", yaani shuka. Ivute: "shiiits", midomo ikiwa imetanuka kama unatabasamu. Ukiikata fupi inakuwa tusi, na wewe ulikuwa unasema vyumba vina mashuka masafi. Fuata na "leave" ndefu dhidi ya "live" fupi, "full" dhidi ya "fool".

Namba za "-teen" na "-ty" zinaleta ugomvi wa bei. "Fifteen" mkazo uweke mwishoni na uvute, "fif-TIIN". "Fifty" mkazo uko mwanzoni, "FIF-ti". Kwa kuwa hata wenye lugha yao hupishana hapo, baada ya kutaja chumba namba 13 ongeza "one-three". Kwa bei, onyesha kwenye kikokotoo cha simu. Hali kadhalika "can" na "can't": kwenye mazungumzo ya haraka ile "t" humezwa, na mgeni hajui kama mnapokea kadi au hampokei. Sema "cannot", wazi.

Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana tunasema "me-NE-ja". Kiingereza ni "MA-ni-ja". Vivyo hivyo "MI-nis-ta" na "KA-len-da". "Receipt" ile "p" haitamkwi kabisa: "ri-SIIT". Sauti ya "th" wala haihitaji mwalimu wa kigeni, ni ile ya "thelathini", na ile ya "this" ni ya "dhahabu". Ila kama nyumbani huwa mnasema "selasini" na "zahabu", anza kurekebisha kwenye Kiswahili: ncha ya ulimi itokeze kidogo kati ya meno, ujione kwenye kioo.

Kuna tabia moja ya Kiswahili ambayo watu huilaumu bure. Tunapenda kila silabi iishie na irabu, kwa hiyo "book" inakuwa "buku". Badala ya kupigana nayo, itumie. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza konsonanti ya mwisho hurukia irabu ya neno linalofuata: "book a room" husikika "bu-ka-ruum", "check out" husikika "che-kaut", "fill it in" ni "fi-li-tin". Ukijizoeza vifungu vizima badala ya neno mojamoja, utasikika vizuri zaidi kwa juhudi ndogo.

Simu yako ikupime. Fungua sehemu ya kuandika meseji, weka kibodi kwenye Kiingereza, bonyeza alama ya maiki, tamka neno moja, angalia imeandika nini. Tamka "leave" mara tano na "live" mara tano. Ikikosea tatu kati ya tano, rudi kwenye kioo. Usiijaribu kwa sentensi ndefu, kwa sababu simu hukisia kutokana na maneno ya jirani na kukurekebishia kimyakimya, nawe utajisifu bila sababu. Na ikikataa neno ambalo binadamu wawili wamelielewa, amini binadamu.

Jioni, zoezi linaloitwa 4/3/2. Lilianzishwa miaka ya 1980, na Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha wa New Zealand, amelieneza sana. Chagua jambo moja unalolijua, mathalani namna ya kutoka stesheni hadi loji yenu, au maji yakikatika mnafanyaje. Weka simu irekodi na kengele ya dakika nne, uongee. Pumzika dakika moja. Ongea jambo lilelile kwa dakika tatu. Kisha kwa mbili. Jumla dakika tisa. Mara ya kwanza utagugumia. Mara ya tatu maneno yatakuwa yanajileta, kwa sababu cha kusema hukitafuti tena. Watu huliharibu kwa namna tatu: huandika insha wakaisoma, hubadilisha mada kila mzunguko, au husimama kila wanapokosea ili waanze upya. Ukikosa neno, lizunguke. Hujui hita inaitwaje, sema "the machine that makes the water hot". Huo ni ufundi kamili, wala si aibu. Dakika nne zikikushinda, anza na 3/2/1.

Binamu yako hana kosa. Mlipoambizana "tuongee Kiingereza" hamkuwa na cha kuongea, na watu wawili wanaojuana hawawezi kujifanya hawajuani kwa zaidi ya dakika mbili. Zipeni ndimi zenu kazi. Kaeni mmegeuziana migongo. Yeye aandike kwenye karatasi taarifa za mgeni: jina, siku tatu, watu wawili, anataka chumba cha chini, anafika saa tano usiku, ana mzio wa karanga. Wewe una fomu tupu. Lazima uijaze kwa kuuliza, bila kuangaliana. Mkimaliza mlinganishe. Kilichokosewa ndicho cha kurudia. Dakika 15, kengele ikilia mnaacha hata kama utamu umekolea. Wakati wa kuongea hakuna kusahihishana. Mwenzako aandike makosa matatu tu, akwambie mwishoni. Anayesahihisha kila neno humfanya mwenzake arudi Kiswahili kujificha.

Kugeuziana migongo kuna sababu yake. Ni zoezi la simu. Simuni huoni midomo wala mikono, ndiyo maana inakutesa. Kinachoangusha wengi pale ni majina yanayotajwa herufi kwa herufi, kwa kuwa tumezoea kuzisoma Kiswahili. Kwa Kiingereza A ni "ei", E ni "ii", I ni "ai", na masikio yetu huandika E palipotajwa A, na I palipotajwa E. G ni "jii", J ni "jei". Ziandike hizo tano kwenye karatasi uibandike kando ya simu, na uthibitishe kwa majina ya mahali: "A for Arusha? E for Egypt? I for Iringa?" Wiki ya kwanza usipokee simu ya mgeni; sikiliza mwenzako anavyojibu. Wiki ya pili pokea, hata kama ni ya kusema "One moment, please" halafu umpe yeye. Wiki ya tatu chukua jina na tarehe kabla ya kumpa.

Mkipata wengine wawili au watatu, kikundi kinapendeza zaidi. Dodoma ina wanafunzi kila upande, UDOM, St. John's, Chuo cha Mipango, CBE, na wengi wana shida kama yako: wamesoma kwa Kiingereza, kuongea ni hadithi nyingine. Jumamosi jioni Nyerere Square benchi ni bure. Igeni utaratibu wa Toastmasters, vyama vya kujifunza kuhutubia vilivyoanzia California mwaka 1924: mmoja ashike saa, mmoja ahesabu "eeh" na "mmh", mmoja atoe maswali ya ghafla ya kujibiwa kwa dakika moja hadi mbili. Siku ambazo zamu haziruhusu, tumianeni ujumbe wa sauti WhatsApp, usiozidi sekunde 60, na ruhusa ya kufuta ukarekodi upya ni mara moja tu. Bila sharti hilo mtu hurekodi mara kumi na kutuma shairi.

Kuhusu kozi. Kabla hujatoa 150,000, uliza darasa lina watu wangapi na kila mmoja anaongea dakika ngapi. Darasa la saa moja lenye watu 30, mwalimu akiongea nusu ya muda na wengine wakisubiri zamu, kila mmoja amebaki na dakika moja. Kwa siku tano kwa wiki, wiki sita, umeongea nusu saa. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa dakika. Mwalimu anayewagawa wawiliwawili na kupita akisikiliza ni habari nyingine, huyo mlipe. Omba kukaa kipindi kimoja kabla ya kulipa; akikataa umeshapata jibu.

Rafiki wa mtandaoni anafaa, lakini asiwe mhimili. Kwenye programu kama Tandem na HelloTalk wapo watu wanaotafuta Kiswahili, na hapo wewe ndiye mwenye mali. Pangeni dakika 15 Kiingereza, 15 Kiswahili, kwa sauti, na uje na mada yako. Vinginevyo mtaulizana hali ya hewa hadi bando liishe. Namba ya simu na jina la loji yenu visitoke mapema, na anayeanza mapenzi au habari za pesa wiki ya kwanza hakuja kujifunza ngeli.

Wanaokucheka kazini usibishane nao wala usifanyie mazoezi mbele yao. Yai la kujionyesha kwa wenzako Waswahili litachekwa popote, hata likiwa sahihi. Kiingereza chako kiwe cha mgeni na cha kengele ya dakika 15. Wenzako waongelee Kiswahili kama kawaida. Watakaposikia umepokea simu ya nje bila kumsukumia mtu, hilo watalijadili wenyewe.

Jambo la mwisho lifanye leo kabla ya zamu. Rekodi dakika mbili ukieleza kwa Kiingereza vyumba vyenu na bei zake, bila kujiandaa, uihifadhi na tarehe. Siku ya 30 rudia mada ileile. Usihesabu makosa ya sarufi, wala usisikilize lafudhi. Hesabu ni mara ngapi umenyamaza zaidi ya sekunde mbili. Kama idadi haijapungua, tatizo liko kwenye yale majibu 12: ama ni marefu mno, ama umekuwa ukiyasoma kimya.